Tabuti na Mzungu wa Mjeledi

Picha iitwayo Raiders of the Lost Ark ilitoka Marekani mwezi wa Juni mwaka 1981, na hadi hivi leo haijachakaa. Waliokuwa vijana wakati huo sasa ni mababu, na wajukuu zao wanaitazama kwenye simu za mkononi, wakicheka pale pale walipocheka babu zao. Imekwisha kufuatwa na ndugu zake wanne, na wa mwisho alitoka mwaka 2023. Si picha nyingi zinazojaaliwa umri kama huo.

Nimeona vyema tuizungumze katika ukurasa huu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ni picha tamu, na kitu kitamu hakifai kukunjiwa uso kwa kuwa tu kimetoka ng'ambo. Ya pili ni kwamba kinachowindwa ndani yake si dhahabu ya maharamia. Ni Tabuti, lile sanduku ambalo kila aliyehitimu Kurani chuoni amelipita katika juzuu ya pili, pengine bila ya kusimama kuuliza ni sanduku gani. Basi wakati Mmarekani analikimbilia Tabuti na mjeledi mkononi, sisi tuna neno la kusema.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka ni 1936. Indiana Jones ni mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani. Mchana huvaa miwani na tai akasomesha habari za watu wa kale. Likizo ikifika huvaa kofia pana, akachukua mjeledi na bastola, akaingia mapangoni kutafuta vitu vya thamani walivyoviacha watu hao. Serikali yake inamwita na kumwambia kwamba Wajerumani wa Hitler wanachimba Misri wakilitafuta sanduku ambamo Wana wa Israili waliweka mbao za sheria alizopewa Nabii Musa, kwa kuwa wameambiwa kwamba jeshi linalotangulizwa na sanduku hilo halishindiki. Jones anatumwa awawahi.

Kuanzia hapo mtazamaji hapati nafasi ya kupumua. Tunapelekwa Nepal, kwenye baa ya bibi mmoja mkali aitwaye Marion, mwenye medali itakiwayo kufumbua fumbo. Baa inateketea kwa moto. Tunapelekwa Cairo, kuna kimanyani mpelelezi na tende zilizotiwa sumu. Tunashuka katika chumba cha chini ya ardhi ambacho sakafu yake yote ni nyoka, na Jones, asiyeogopa bunduki, ndiye huyo huyo aogopaye nyoka kuliko kitu chochote duniani. Halafu kuna mbio za lori, na mtu kuburutwa chini ya lori hilo, na meli ya magendo iitwayo Bantu Wind ambayo nahodha wake ni mtu mweusi kwa jina Katanga. Mwisho kuna kisiwa, na moto unaotoka mbinguni.

Steven Spielberg ndiye aliyeiongoza, na hadithi aliibuni George Lucas pamoja na Philip Kaufman. Walikusudia kuzifufua zile picha za mfululizo za miaka ya 1930 na 1940, ambazo kila wiki stelingi aliachwa akining'inia ukingoni mwa jabali ili watu warudi na pesa zao wiki ijayo. Harrison Ford ndiye Jones, na muziki ni wa John Williams. Gharama ilikuwa kiasi cha dola milioni 20, na pato likapita milioni 300. Ikapewa tuzo nne za Oscar na moja ya ziada kwa ufundi wa sauti. Wenye kazi yao waliiheshimu, na wenye kulipa kiingilio waliipenda. Mara nyingi hao wawili hawakubaliani.

CHUMVI ILIYOZIDI

Ama kuhusu ukweli, ndugu msomaji, tusidanganyane. Picha hii imetiwa chumvi mpaka bahari ikaona wivu.

Pale mwanzo, katika msitu wa Peru, kuna pango lenye mitego ya watu wa kale: mishale inayofyatuka ukutani, mikuki, na jiwe la duara kubwa kama chumba linalobingirika kumfuata mwizi. Mitego hiyo imekaa karne na karne katika unyevu wa msitu, wala haijaoza wala kukwama. Huku kwetu kitasa cha mlango hakimalizi kusi mbili.

Wale nyoka nao wamo maelfu katika chumba kilichofungwa muda wa miaka elfu tatu. Walikuwa wakila nini? Na Wajerumani je, walipataje kupiga kambi Misri mwaka 1936, na mahema, na malori, na bunduki za rashasha, ilhali majeshi ya Kiingereza yalikuwa yamejaa nchini humo na hapakuwa na shimo lililochimbwa bila ya ruhusa? Na Jones mwenyewe anaifuata nyambizi ya Kijerumani hadi kisiwani, naye yuko nje yake, baharini! Nahodha wetu yeyote wa Kizingitini atakuuliza maswali mawili tu juu ya safari hiyo, kisha atakuomba kahawa.

Yapo mengine yanayochekesha zaidi ukijua yalivyotengenezwa. Cairo uionayo si Cairo. Ni Kairouan ya Tunisia, mji alioutia msingi Uqba bin Nafi mwaka 670, na ili uonekane wa mwaka 1936 ilibidi antena za televisheni ziteremshwe kutoka kwenye mapaa ya nyumba za watu. Sallah, yule Mmisri mnene mwenye tarbushi na sauti nzito, ni John Rhys-Davies, mtu wa Wales ambaye sehemu ya utoto wake ilipita Tanganyika. Na lile tukio mashuhuri, ambapo jitu la kanzu nyeusi linazungusha upanga kwa mbwembwe na Jones, amechoka, anatoa bastola na kulimaliza kwa risasi moja, halikuwa limeandikwa hivyo. Palikuwa pamepangwa pigano refu la upanga na mjeledi, lakini Ford alikuwa akisumbuliwa na tumbo na hakuweza kusimama juani muda mrefu.

Sisi tuliolelewa kwa hadithi za Alfu Lela Ulela, tukalala tukiota pango la Alibaba na mlango wake unaosikia maneno, hatuna uso wa kumlaumu mtu kwa kutia chumvi. Hadithi ya hazina bila ya uongo ni kama biriani bila ya viungo. Kwa hiyo chumvi ya picha hii mimi naisamehe yote. Lipo jambo jingine nisiloweza kulisamehe, nalo si chumvi.

MJI AMBAO HAUKUPOTEA

Picha inasema Tabuti lilichukuliwa na Firauni aitwaye Shishaki, akalipeleka mji wa Tanis, na mji huo ukafukiwa kwa dhoruba ya mchanga iliyovuma mwaka mzima, usionekane tena.

Tanis upo kweli. Uko upande wa mashariki wa Delta ya Mto Nili, penye kijiji kiitwacho San el-Hagar, na haujapata kupotea hata siku moja. Mfaransa Pierre Montet alianza kuchimba hapo mwaka 1929, kwa hiyo katika mwaka huo huo wa 1936 alikuwa yuko kazini, na wanakijiji wakimfanyia kazi. Mwaka 1939 akayafikia makaburi ya wafalme. Akamkuta Psusennes wa Kwanza katika jeneza la fedha tupu, amefunikwa uso kwa dhahabu. Lakini dunia wakati huo ilikuwa ikiingia vitani, magazeti yakajaa habari za Hitler, na hazina hiyo ikakosa wa kuitangaza. Iko katika majumba ya makumbusho ya Misri, nchini mwake yenyewe.

Tazama basi tofauti. Kazi ya kweli ilichukua miaka kumi ya kuchota mchanga kwa makarai, na vitu vikabaki kwa wenyewe. Kazi ya picha ilichukua siku chache, na kitu kikapelekwa Washington. Hapo ndipo penye jambo langu.

HAKUNA ALIYEULIZA

Hebu ifuate picha kwa makini. Medali inasomwa na nani? Na mzee mmoja, imamu wa Cairo, anayekaa usiku na taa yake akawafasiria maandishi. Yeye ndiye anayetoa kipimo cha ile fimbo, kadam sita, kisha upande wa pili kukatwa moja, na ndiye anayetoa onyo kwamba sanduku lisichezewe. Wachimbaji ni nani? Ni Wamisri mamia kwa mamia wenye kanzu na majembe. Nani anamwokoa Jones katika mgahawa alipozungukwa na wenye silaha? Watoto wa Sallah, wanaomrukia na kumkumbatia mpaka wakamtoa nje salama. Elimu ni ya wenyeji, jasho ni la wenyeji, na wema ni wa wenyeji.

Halafu sanduku linapatikana, na ugomvi unakuwa baina ya Mmarekani, Mfaransa na Mjerumani. Hakuna mmoja katika saa mbili zile anayemgeukia Sallah na kumuuliza: ninyi mnasemaje? Wala haulizwi mtu yeyote ambaye sanduku hilo ni sehemu ya dini yake. Mtazamaji naye, nikiwa mimi mmoja wao, hushangilia Jones apate, kwa kuwa yule mwingine ni mbaya zaidi. Huo ndio ufundi wa hila ya picha: hutupa wezi wawili, ikatuachia tumchague yule mwenye sura nzuri.

Katika picha ya tatu, ya mwaka 1989, Jones anapiga kelele kwamba kitu cha kale mahali pake ni makumbusho. Watu wakampigia makofi. Lakini makumbusho ya nani, bwana mwalimu?

TABUTI LETU NA HUKUMU YA HAZINA

Katika Suratul Baqara, Tabuti linatajwa kuwa ni alama ya ufalme wa Taluti. Ndani yake mna sakina itokayo kwa Mola, na masalio ya waliyoyaacha aila ya Musa na aila ya Harun, nalo linakuja likichukuliwa na Malaika. Angalia neno hilo sakina, utulivu wa moyo. Picha imechagua moto, na nyuso za watu zikiyeyuka kama mshumaa, kwa kuwa imechota katika zile habari za vitabu vya Mayahudi na Wakristo za watu waliokufa kwa kuligusa. Hilo halinisumbui, moto huonekana vizuri kwenye pazia kuliko utulivu. Ninachokitaka tukione ni kwamba kwetu sisi sanduku hili ni amana ya aila. Lina wenyewe, na kilichomo ni urithi.

Na habari ya hazina tunayo nyingine, katika Suratul Kahf. Nabii Musa na mja mwema aliyefuatana naye wanafika mji ambao watu wake wanawanyima hata chakula. Yule mja mwema anakuta ukuta unataka kuanguka, akausimamisha bila ya ujira. Musa anashangaa. Baadaye anaelezwa kwamba chini ya ukuta pana hazina ya mayatima wawili ambao baba yao alikuwa mtu mwema, na Mola ametaka wakue kwanza, kisha waitoe wenyewe. Huyu alijua hazina ilipo, na alikuwa na njaa, na hapakuwa na mlinzi. Alichofanya ni kuuimarisha ukuta.

Wanavyuoni wetu hawakuliacha jambo hili katika visa tu. Wameliwekea sheria. Kilichozikwa na watu wa kabla ya Uislamu kikipatikana katika ardhi isiyo na mwenyewe, humo mna khumsi, sehemu moja ya tano inatolewa, kama ilivyopokewa katika hadithi ya Mtume. Kikipatikana katika ardhi ya mtu, mwenye ardhi ana haki yake. Kikiwa kina alama ya Waislamu, hicho ni kitu kilichopotea, na aliyekiokota hutangaza mwaka mzima penye masoko na milango ya misikiti kabla ya kukigusa. Kila mlango wa sheria hiyo una swali moja kwenye kizingiti chake, nalo ni la mwenye mali. Jones hakulisoma swali hilo katika chuo kikuu chake.

GHALA LA WASHINGTON NA GHALA LA LONDON

Mwisho wa picha, Tabuti linapigiliwa misumari ndani ya kasha la mbao, mzee mmoja analisukuma kwa toroli katika ghala lisilo na mwisho, makasha juu ya makasha, na pazia linafungwa. Watazamaji hucheka. Nadhani katika yote yaliyomo, hilo ndilo la kweli kabisa.

Jirani zetu Wahabeshi wanaamini kwamba Tabuti la asili liko kwao, Aksum, na kila kanisa lao lina kibao kitakatifu mfano wake, nacho hukiita tabot. Ni neno lile lile letu. Mwaka 1868 jeshi la Kiingereza liliivunja ngome ya Mfalme Tewodros huko Maqdala na kubeba lilichoweza. Vibao 11 vikawekwa British Museum, London, ndani ya chumba kilichofungwa, haoneshwi mtu, kwa kuwa dini ya Wahabeshi hairuhusu asiye kasisi kuvitazama. Fikiri: jumba la makumbusho linashika kitu ambacho haliwezi kukionesha. Kibao kimoja kingine kilipatikana kabatini katika kanisa la Edinburgh, na wenye kanisa, Mungu awape kheri, wakakirudisha mwaka 2002. Addis Ababa watu walijaa barabarani kukipokea.

Wala hatuna haja ya kwenda Uhabeshi. Wapokomo wa Mto Tana walikuwa na ngoma yao kubwa, ngadji, iliyokuwa na heshima ya ufalme na siri ya wazee. Wakuu wa kikoloni waliichukua, na mwaka 1908 ikaingia British Museum, ikakaa ghalani zaidi ya miaka mia moja bila ya kuoneshwa umma. Wazao wa wenyewe wamesafiri hadi London kuiona, kama mtu anayekwenda kumzuru babu yake gerezani. Ndugu zetu Wamijikenda nao wameng'olewa vigango vyao, kumbukumbu za wazee wao waliokufa, vikauzwa kwa watalii na kufika majumba ya Marekani. Mwaka 2007 kimoja kilirudishwa kwa aila yake. Vigango si katika dini yetu sisi, lakini wizi ni wizi, na haki ya jirani tunaijua.

Sisemi kwamba kila mgeni anayegusa cha kale ni mwizi. Mashairi ya Muyaka bin Haji yamefika mikononi mwetu kwa kuwa Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya na W. E. Taylor akayaandika na kuyahifadhi, na hati hizo ziko London. Lakini Sikujua alitoa kwa hiari yake, na jina la Muyaka halikufutwa. Na hapa hapa, mbele ya Ngome ya Yesu, meli ya Kireno Santo António de Tanná iliyozama mwaka 1697 wakati wa mazingiwa ya Waomani ilichimbuliwa baina ya mwaka 1977 na 1980. Wazamiaji wa ng'ambo walishirikiana na Makumbusho ya Kenya, wakapima kila ubao kabla ya kuugusa, na vitu vikawekwa ngomeni, hatua chache kutoka vilipotolewa. Hapakuwa na mjeledi wala nyoka. Ilikuwa kazi, na ilikuwa na idhini.

MKONO WETU WENYEWE

Sasa niseme lililo zito. Jones wa leo hana haja ya kuja na mjeledi. Anatuma dalali, na dalali ni mtoto wetu. Makaburi ya nguzo ya pwani hii yalipambwa kwa mabakuli ya Kichina, na mengi hivi sasa ni matundu matupu; yaliyong'olewa hayakung'olewa na Wajerumani. Milango ya nakshi imevuliwa kwenye fremu zake ikapakiwa. Mimi mwenyewe nimepata kuoneshwa hati ya utenzi, kwa wino mweusi na mwekundu, ikiuzwa karatasi moja moja ili ipendeze kutiwa kwenye kioo. Nilipouliza ilitoka nyumba gani, muuzaji alicheka, akaniambia Maalim, hiyo haina mwenyewe.

Hayo ndiyo maneno ya picha nzima kwa ufupi, na yamekwisha kuingia mtaani.

Sheria ya nchi ya mwaka 2006 inamtaka aliyevumbua kitu cha kale akitangaze kwa wahusika, wala asikiuze atakavyo. Ni sheria njema, lakini sheria haiingii kabatini kwa bibi. Sisi ndio wenye funguo. Kama kwenu lipo sanduku la marehemu na ndani mna hati, zitoeni kwa mikono mikavu, muandike ni za nani, alizirithi nani, na kwa mwaka gani. Mzipige picha zote, maana simu ziko kila mfuko. Kisha mwite mjuzi azisome pale pale nyumbani, na akitaka kuzichukua aache maandishi. Na wewe kijana unayeletewa bakuli au kigango uuze, uliza kwanza limetoka wapi, kama vile ungeulizwa wewe lau lingekuwa la babu yako.

Na watoto wakitaka kumtazama Jones akikimbizwa na jiwe, kaa nao, ucheke nao, na tende ziwepo, zisizo na sumu. Likifika lile ghala la mwisho na mzee akisukuma toroli lake, waulize sanduku lile ni la nani. Wacheni wajibizane.